Maganda mawili, bunduki moja, alama hazifanani: nisaidieni (najifunza uchunguzi wa silaha)

#1 Mtoto wa Chuno
Wakuu habari za jioni. Niko likizo nyumbani Mtwara, siku kumi tu, na badala ya kula pweza kwa amani nimekuja na mawazo ya kazini.

Najifunza kazi ya kuchunguza silaha na risasi. Bado mwanafunzi: sisaini ripoti, sipandi kizimbani, kazi yangu ni kukaa ubavuni mwa mkubwa wangu na kutazama anachotazama yeye. Maabara sitaitaja. Na hii siyo kesi ya mtu, ni zoezi, kwa hiyo msianze.

Zoezi lenyewe hili hapa. Nilipewa SMG moja, nikapiga risasi nne, nikaokota maganda na kuyatia namba kwa mkono wangu. Ganda namba 1 nikaliweka kushoto mwa hadubini, namba 3 kulia. Kwa wasioijua, hadubini hii ni mbili zilizounganishwa juu kwa daraja la vioo. Ukichungulia unaona vitu vyote viwili ndani ya duara moja, katikati pana mstari mwembamba unaovitenga. Kama vimetoka bunduki moja, unategemea michirizi ya kushoto ivuke mstari na kuendelea kulia, kama vipande viwili vya kanga vilivyokatwa jora moja ukivikutanisha maua.

Haikuvuka. Kitobo cha pini kwenye fataki (kile kidonge cha katikati ya kitako kinachowasha baruti) kinafanana, lakini kinafanana na cha SMG yoyote ile. Ile michirizi midogo ambayo uso wa bolti (chuma kinachofunga chemba nyuma ya ganda) unaiacha kwenye kitako cha ganda, kwenye namba 1 ipo wazi kabisa. Namba 3 hamna kitu, laini kama sahani. Nikageuza ganda, nikahamisha taa, nikasafisha kwa asetoni, saa mbili zikaisha. Nikaandika kwenye daftari: "Siwezi kuamua."

Mkubwa akasoma, akacheka. "Bunduki umeipiga mwenyewe, halafu hujui kama ni moja?" Akaenda zake kunywa chai.

Maswali yangu mawili. Kwa nini haya maganda hayafanani? Na kama mimi niliyeishika bunduki nashindwa kuona, tunapata wapi ujasiri wa kusema kila bunduki ina alama zake kama vidole?

#2 Ming'oko Mitatu
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa hapa na sahani yangu.

#3 Jirani wa Ligula
Afande, huu uzi wakubwa wako wanausoma. Nakuombea.

#4 Nahodha wa Mikindani
Kwa hiyo darubini hiyo inakuza mara ngapi?

#5 Msomaji Usiku
#4 hadubini, nahodha. Darubini ni ile unayotazamia meli za gesi.

#6 SAR Mstaafu
Dogo, shikamoo hujatoa lakini nimeipokea.

Kwanza tuwekane sawa, maana naona kuna raia humu. SMG tunayoisema sisi ni AK au ile ya Mchina, Type 56. Siyo vile vibunduki vifupi vya risasi za bastola ambavyo Wazungu wanaviita hivyo. Sasa pini ya SMG inaelea, haina springi ya kuirudisha nyuma. Risasi ikiingia chemba tu, bolti ikijifunga, pini inaruka mbele na kudonoa fataki kidogo hata kabla hujavuta triga. Kwa hiyo fataki moja inaweza kuwa na donoo mbili, na zisikae mahali pamoja kila safari.

Halafu kuna la bolti. Ghalani siku ya usafi mnafungua bunduki kumi juu ya turubai moja, vijana wanapiga soga, mwisho wa siku bolti ya hii imeingia kwenye ile. Kaangalie namba ya bolti na namba ya mwili wa bunduki. Nina hakika hazifanani. Hapo ndipo pana jibu lako.

#7 Jirani wa Ligula
Mzee shikamoo. Kapiga risasi nne mfululizo. Bolti imebadilishwa saa ngapi, kati ya ya kwanza na ya tatu?

#8 SAR Mstaafu
Marahaba. Nilikuwa natoa mfano.

#9 Mwera wa Nyangao
Mimi nauliza kitu kimoja: risasi zote nne zilitoka boksi moja?

Nauliza kwa sababu fataki hazina ugumu mmoja. Ya shaba laini inapokea alama kama udongo wa mfinyanzi unavyopokea kidole. Ngumu inakataa. Kuna nyingine kiwandani zimepakwa vanishi kuzuia unyevu, alama inabaki kwenye vanishi, ukisafisha kwa asetoni umeifuta mwenyewe. Tena na baruti, risasi yenye nguvu ndogo inaligonga ganda nyuma kwa upole, bolti haipati kuandika vizuri. Geuza maganda yako usome kitako: pana namba ya kiwanda na mwaka. Kama 1 na 3 ni mwaka tofauti, umelinganisha papai na bibo.

#10 Mtoto wa Chuno
#6 shikamoo mzee, nisamehe. Bolti na mwili namba ni moja, niliziandika.

#9 hapo umenishika pabaya. Risasi nilipewa kwenye kopo, zimechanganyika. Nimefungua daftari sasa hivi: namba za kitako sikuandika. Na asetoni nilipaka kabla ya kupiga picha.

#11 Mwera wa Nyangao
Basi mkubwa wako alikuwa anacheka hilo.

#12 Mpingo Mkavu
Bunduki sizijui. Mimi nachonga, nimefundishwa na baba na yeye kafundishwa na babu, upande wa Newala huko. Lakini naona mnazungumzia patasi bila kuitaja.

Nina patasi moja bapa yenye pengo mdomoni, dogo kama punje ya mchanga. Iligonga msumari kwenye gogo. Tangu siku hiyo kila nikisukuma kwenye mpingo inaacha uzi mmoja uliosimama, mwembamba, mahali palepale. Kijana wangu akichonga na patasi hiyo najua bila kuuliza, natazama mgongo wa kinyago tu. Huo ndio ushahidi wenu.

Lakini sikilizeni. Nikiisukuma kwenye mpingo mkavu, uzi unaonekana. Kwenye mti mbichi haupo, nyuzi za mti zinajifunga zenyewe. Nikiishika wima unaonekana, nikiilaza haupo. Na nikishainoa kwenye jiwe mara tatu nne, pengo linakwisha, linakuja jingine pembeni. Patasi ni ileile, mpini ni uleule, alama siyo ile. Kwa hiyo mimi nikiitwa mahakamani nitasema: nikiona uzi, ni patasi yangu. Nisipouona sitasema siyo yangu.

#13 Ming'oko Mitatu
#12 umemaliza. Uzi ufungwe.

#14 Msomaji Usiku
Haufungwi. #12 kasema vizuri sana nusu ya pili, ila ile ya kwanza, "nikiona uzi ni yangu", ndiyo yenye ubishi.

Pengo la patasi yako limetokana na msumari, ni ajali, haiwezi kujirudia kwa fundi mwingine. Bunduki ni bidhaa ya kiwandani. Kifaa kimoja kinakata mitutu au bolti kadhaa kwa kufuatana, na kama kifaa kina pengo, vyote vilivyofuatana vinaweza kurithi mchirizi uleule. Mchunguzi asiyejua hilo ataona michirizi inavuka mstari vizuri kabisa na kutangaza bunduki moja, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana Wamarekani walifanya mtihani wa mitutu 10 ya bastola za Ruger iliyotengenezwa kwa kufuatana, wachunguzi waseme risasi ipi imetoka mtutu upi. Walifanya vizuri, lazima niseme. Ila mitihani ya namna ile kila risasi ilikuwa na mwenzake mezani. Kazini hakuna anayekuahidi hivyo.

#15 Wakili Asiye na Kesi
Kuhusu "kama alama za vidole", OP (mleta mada), futa hilo neno mdomoni mapema. Utakachotoa mahakamani ni maoni ya mtaalamu, kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushahidi kama tulivyokisoma chuo, na mahakama haifungwi na maoni hayo. Hakimu anaweza kukusikiliza saa nzima na kukuweka pembeni.

Mimi ningekuwa upande wa utetezi nisingekugusa kabisa kwenye michirizi. Ningekuuliza: ganda namba 3 nani aliliokota, akampa nani, liliwekwa wapi, bahasha ilifungwa na nani? Soma hukumu ya Rufani ya Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Hadi leo tunaitumia. Kielelezo kinatakiwa kiwe na kumbukumbu za kila mkono kilimopita. Sasa jibu hapa: una hakika gani namba 3 yako ndiyo namba 3?

#16 Mtoto wa Chuno
Wakili, naandika kwa maka peni kwenye mdomo wa ganda, mbali na kitako ili nisiharibu alama. Nilikuwa peke yangu. Ila kwenye kreti ya mchanga ninapookotea kulikuwa na maganda ya mwenzangu wa asubuhi. Nilidhani nimeyatoa yote.

#17 Wakili Asiye na Kesi
"Nilidhani." Sina swali zaidi mheshimiwa.

#18 SAR Mstaafu
Mmemuona? Bolti nyingine! Nilisema mimi.

#19 Jirani wa Ligula
Mzee ulisema bolti imehamia bunduki nyingine. Huyu kaokota ganda la bunduki nyingine. Ni vitu viwili.

#20 SAR Mstaafu
Matokeo ni yaleyale.

#21 Kanga ya Kisutu
Wanaume mnabishana michirizi, mimi naona tatizo ni macho. Nafanya kazi ghala la korosho msimu unapofunguka. Tunachota sampuli kwenye magunia, tunakata korosho mojamoja, tunahesabu nzima, zenye madoa, zilizooza, ndipo mzigo unapata daraja. Korosho yenye doa dogo: mimi nasema nzima, mwenzangu anasema doa. Kisahani kimoja, wapimaji wawili, majibu mawili, na mkulima amesimama mlangoni anatutazama mikono. Asubuhi tunakubaliana sana. Saa kumi jioni hatukubaliani hata na nafsi zetu.

Huyu mtoto kakaa saa mbili kwenye kioo. Saa ya kwanza na ya pili hayakuwa macho yaleyale.

#22 Nahodha wa Mikindani
Na bei msimu huu vipi dada?

#23 Kanga ya Kisutu
Usinitoe kwenye reli.

#24 Msomaji Usiku
#21 umegusa penyewe, na takwimu ninazo. Marekani mwaka 2014 walitoa majibu ya jaribio la wachunguzi 218 wakilinganisha maganda ya bastola. Ukichukua ulinganisho wa maganda ambayo kwa hakika yalitoka bunduki tofauti, yalikuwa 2,178. Waliosema kwa makosa "bunduki moja" ni mara 22. Hiyo ni asilimia moja, tukapiga makofi. Lakini mara 735 walisema "haiwezekani kuamua".

Sasa hizo 735 unaziweka kapu gani? Ukizihesabu kama majibu, kosa ni asilimia 1. Ukizitoa, unabaki na 1,443 na kosa linapanda kufika asilimia 1.5, yaani moja kati ya 66. Ripoti ya washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani, 2016, ilishika hesabu hiyo ya pili na kusema fani bado haijathibitishwa vya kutosha. Kabla yao, 2009, chuo chao cha taifa cha sayansi kilishasema karibu hivyohivyo. Wachunguzi walikasirika, wanasema kuogopa kuamua siyo kukosea.

Kwa hiyo OP, "siwezi kuamua" yako ina watu wazito wanaigombania kule.

#25 Mwera wa Nyangao
#24 hesabu nzuri, ila walikuwa wanapima bastola mpya za aina moja na risasi za aina moja. Siyo SMG ya umri wa babu yangu na kopo la risasi mchanganyiko. Mimi bado niko kwenye fataki.

#26 Fundi Mafuta
Wote mmesahau mafuta. Bunduki imetoka kabatini imepakwa grisi, uso wa bolti una utando, alama haishiki. Mwisho wa habari.

#27 Jirani wa Ligula
#26 basi ganda la kwanza ndilo lingekuwa laini na la tatu lenye alama. Kwake ni kinyume.

#28 Fundi Mafuta
Labda mafuta yalishuka kutoka ndani kadiri ilivyopata moto.

#29 Jirani wa Ligula
Labda.

#30 Liwale Kwetu
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Huku kwetu Liwale silaha ni gobore. Nguruwe wakiingia shambani, usiku unasikia "dum", asubuhi hakuna anayejua nani kapiga. Haina ganda, ndani ya mtutu ni bomba tupu, inapiga goroli au vipande vya nondo. Hizo hadubini zenu zinasaidia nini hapo? Au mtu wa gobore yuko salama? (Nauliza tu.)

#31 Ming'oko Mitatu
"Nauliza tu" hahaha. Wakili njoo.

#32 Mtoto wa Chuno
#30 kwa upande wa mtutu ni kweli, bila mifereji ndani goroli haibebi alama ya kulinganisha. Shotigani nayo vivyo hivyo kwa chembe zake, ila shotigani angalau inaacha ganda.

Gobore lina mambo mengine. Mkubwa wangu anasema kwenye gobore usitazame risasi, tazama kilichoishindilia. Mtu anapakia baruti, anatia tambara au kumbi la nazi au karatasi, anashindilia kwa mdeki, ndiyo anaweka goroli. Kile kitambaa kinatoka na kuanguka karibu. Kimechanwa kwenye shuka gani? Na nondo imekatwa kwa msumeno au patasi ipi? Kipande kilichobaki kwa fundi kina alama za meno yaleyale.

#33 Msomaji Usiku
Na hiyo ni ya zamani kuliko hadubini yenyewe. Lancaster, Uingereza, 1784: mtu alipigwa kwa bastola ya kushindilia, karatasi ya kushindilia ikakutwa kwenye jeraha, mtuhumiwa akakutwa na karatasi mfukoni iliyochanwa ikaingiana na ile. Akahukumiwa. Halafu 1835 Goddard akakamata mtu kwa kasoro ya risasi iliyofanana na kasoro ya kalibu aliyoifulia. Goddard huyohuyo ndiye akaleta hadubini linganishi.

#34 Mwera wa Nyangao
#33 leo nimekukamata. Goddard ni wawili. Wa 1835 ni Henry, askari wa London. Wa hadubini ni Calvin, daktari wa jeshi Marekani, miaka ya 1920, na kifaa chenyewe kilibuniwa na mwenzake Gravelle. Calvin ndiye aliyechunguza maganda ya mauaji ya Chicago ya Februari 1929, watu 7. Huyo wa kwanza angekuwa na umri wa miaka mia na ushee.

#35 Msomaji Usiku
Nakubali. Usiku mwingi.

#36 Nahodha wa Mikindani
Sasa risasi yenyewe, siyo ganda, mnaipataje nzima baada ya kupiga? Si inapondeka?

#37 Mtoto wa Chuno
Ya bastola tunaipiga kwenye tangi la maji. Maji yanaisimamisha bila kuikwaruza, unaiopoa chini na kikapu cha wavu.

#38 Liwale Kwetu
Subirini kwanza. Risasi inaingia kwenye maji inakufa?

#39 Ming'oko Mitatu
KINJIKITILE ALIKUWA SAHIHI. Alikosea kina tu.

#40 Jirani wa Ligula
#39 nimemwaga chai kwenye shuka la hoteli.

#41 Kanga ya Kisutu
Bibi yangu ni Mmatumbi na sijacheka. (Nimecheka kidogo.)

#42 Bomba la Ndanda
Wataalamu, nitoe langu. Mama ana shamba karibu na Mahiwa, pale Wajerumani na Waingereza walipouana Oktoba 1917. Jembe linatoa maganda kila mwaka. Bibi alikuwa na moja kubwa analitunzia ugoro, kaliziba kwa kipande cha gunzi. Limekuwa kijani, kitakoni inasomeka 18 halafu tarakimu mbili zimelika. Kitobo cha pini bado kipo, kirefu, kimekaa kando ya katikati. Hadubini inaweza kusema limetoka bunduki gani?

#43 Mwera wa Nyangao
Bunduki ipi hasa, hapana, labda uwe na bunduki yenyewe. Aina, inawezekana. Kama ni nene kama kidole gumba, itakuwa ya Mauser ya 1871, milimita 11. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita nazo, zile za moshi mwingi.

#44 SAR Mstaafu
Mwambie mama yako jembe likigonga kitu ambacho siyo ganda tupu, asimame, asikigonge kujua ni nini. Aite polisi. Sitanii hapa.

#45 Bomba la Ndanda
Nimemwambia mzee. Anasema mihogo haisubiri.

#46 Jirani wa Ligula
Lipelekwe kwa Mkemia Mkuu, si wana ofisi hapahapa Mtwara.

#47 Wakili Asiye na Kesi
#46 Mkemia Mkuu ni vinasaba, sumu, dawa za kulevya. Silaha na maganda ni uchunguzi wa kisayansi wa Polisi, Dar es Salaam. Watu wengi wanachanganya, hata baadhi ya mawakili. Na hawatapokea ganda la ugoro.

#48 Mtoto wa Chuno
Asanteni. Nimempigia mkubwa leo, nikamweleza kopo, asetoni na kreti ya mchanga. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo. Akasema, "Ukirudi utapiga nyingine nne," akakata simu. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi naye anaapa mchanga aliuacha mweupe.

Nitarudi na risasi za boksi moja, kitako nitapiga picha kwanza, na lile ganda namba 3 nitalipeleka jozi na la mwenzangu. Kama litavuka mstari na la kwake, nitakuja kusema humu.

Mzee Mpingo Mkavu, naomba kitu. Ile patasi yenye pengo unaweza kuniazima? Nisukume mara mbili kwenye kipande cha madini laini ya risasi, nitazame ule uzi wako chini ya kioo. Jumamosi naweza kuja Newala.

#49 SAR Mstaafu
Bado nasema bolti.

#50 Mpingo Mkavu
Njoo tu mwanangu, chai ipo. Ila patasi nimeinoa juzi, kuna mteja alitaka kinyago laini.